Miti Chini ya Veranda

Kemunto mwanangu,

Umetoka hapa saa saba na shangazi yako Kerubo kwenda Nyakoe kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua yule msusi wenu na domo lake, hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nina muda. Mvua inajikusanya upande wa Nyamira. Sanduku lako liko hapa sebuleni, wazi, na ile rula yako ndefu ya kuchorea imetokeza nje kwa sababu haitoshei popote. Kesho kabla ya jua kuchomoza utakuwa umekwenda. Nimefukuza kuku mezani mara mbili, nimetafuta kalamu nikaipata, na sasa sina kisingizio kingine.

Usitafute humu habari za kula vizuri na kufunga mlango kwa komeo. Hayo Kerubo amekwambia wiki nzima, hadi masikio yameniuma mimi ambaye sikuwa naambiwa. Mimi nina jambo moja tu.

Utashangaa nakuandikia kwa Kiswahili, kwa maana tangu uzaliwe humu ndani ni Kisii tu. Nimejaribu kwa Kisii. Mara tatu wiki hii nimekuita, ukaja ukaniambia, "Ee, Tata?" unavyomwita baba yako siku zote, nami nikakutuma maji ya kunywa. Tumbo langu limejaa maji. Kisii ndicho nilichoongea na mama yako, na nikifungua mdomo kwa lugha ile nikitaka kusema habari zake, najikuta nimekutuma maji tena. Kiswahili ni lugha ya kazi. Kwa Kiswahili nimewaambia wenye nyumba habari mbaya nikiwa nimesimama wima, bila kutetemeka. Basi nivumilie.

Jumapili walikusimamisha mbele ya kanisa wakuombee safari, na mchungaji akakupa kipaza sauti. Ukasema, na sauti yako haikuyumba hata kidogo, "Ninakwenda kusomea uhandisi wa majengo kwa sababu udongo wa kwetu ulimuua mama yangu. Nataka kuujua huo udongo." Lo! Makofi yalipigwa hadi mabati yakalia. Akina mama wakafuta macho. Mchungaji akasema, baba naye asimame tumwone. Nilisimama, halafu nikainama haraka nikajifanya nafunga kamba za viatu. Kemunto, vile viatu havina kamba.

Udongo haukumuua mama yako. Aliangukiwa na slabu, paa la zege nililolimwaga kwa mikono hii, na slabu ile ilianguka kwa sababu nilitoa miti iliyoishikilia kabla ya siku zake. Haya, nimeandika. Ukifika hapa ukataka kuitupa karatasi, itupe, lakini nakuomba uiokote uendelee.

Nianzie kule chuoni, maana ndiko nilikojua kwamba siwezi kunyamaza tena.

Unaikumbuka siku ile ya wazazi. Tulipanda pamoja hadi kwenye ukumbi wa kuchorea, meza kubwa zimeinamishwa, vijumba vya makaratasi magumu vimepangwa dirishani, na kuta zote zimejaa michoro iliyobandikwa kwa pini. Yule mwalimu wa kike aliyevaa gambuti chini ya sketi nzuri akatueleza mtakavyofundishwa miaka mitano. Mtaanza kuchora kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Mtasoma jinsi joto linavyoingia ndani ya nyumba na jinsi ya kulitoa, maji yanapandaje ghorofani, umeme unapita wapi, mzigo wa paa unashukia njia gani hadi ufike ardhini. Akasema msanifu anaichora nyumba, mhandisi wa kawaida anaisimamisha, na nyinyi mtakuwa hapo katikati, mnahakikisha kwamba nyumba iliyochorwa inaweza kusimama na mtu akaishi ndani yake. Nililipenda hilo. Ila nilitafuta karai huku na huku sikuona hata moja, nikajisemea moyoni, hawa watoto watajenga kwa penseli.

Halafu akasema hapo mtihani wenyewe si wa kuandika tu. Mwanafunzi anabandika kazi yake ukutani, anasimama kando yake, na walimu na wenzake wanamhoji. Kwa nini mlango uko hapa? Kwa nini nguzo hii ni nyembamba? Umejuaje itabeba? Ukaninong'oneza, "Tata, mimi nitalia mbele za watu." Nikakucheka. Lakini niliogopa kuliko wewe. Miaka yangu yote ya ufundi hakuna aliyewahi kunisimamisha kando ya kazi yangu akaniuliza nimejuaje. Watu walitazama ukuta umenyooka, wakasema huyu ndiye fundi, wakaniletea chai. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniuliza, nami nitakwambia nilimjibu nini.

Ulibaki juu ukitazama vile vijumba. Mimi nikashuka kwa sababu nilisikia mashine ya kuchanganyia zege, na sauti ile mimi siwezi kuipita. Chini kulikuwa na maabara, na ndani yake mzee wa rika langu amevaa koti la vumbi. Alinitazama mikono kabla ya uso. "Wewe ni wa kazi," akasema. Nikasema, "Wa kazi." Tukasalimiana kama ndugu.

Akanionyesha vipande vya zege vya mraba, kila kimoja unaweza kukibeba kwa mikono miwili, vimezamishwa kwenye tangi la maji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anachanganya simiti, mchanga na kokoto mwenyewe, anamwaga kwenye kisanduku cha chuma, anaandika jina na siku. Siku zikifika anakitoa, anakiweka chini ya mashine, anakivunja.

"Mnawafundisha kuvunja?" nikamwuliza, nikicheka.

"Kwanza kuvunja," akasema. "Mtoto akishasikia kwa masikio yake jinsi zege changa linavyokufa, hatakuja kukimbizana na siku."

Akaweka kimoja cha siku saba. Mshale wa mashine ukapanda kidogo, ukasita, na kipande kikapasuka kwa kishindo kidogo, puu, mchanga ukamwagika pembeni. Akaweka kingine kilichomaliza siku ishirini na nane. Mshale ukapanda, ukapanda, mimi nimeshika pumzi, hadi kikalia kwa sauti ya gogo linalopasuliwa. "Simiti ni ile ile," akasema, "mkono ni ule ule. Kilichozidi ni siku peke yake."

Nikamwuliza kama ana cha siku tano.

"Tano? Kwa nini tano?"

"Nauliza tu."

"Sina. Lakini umeona cha saba kilivyo kibichi." Akafuta mikono kwenye koti. "Kwenu, slabu mnaiachia miti siku ngapi?"

Nikasema, inategemea.

"Haitegemei," akasema, bila ukali, kisha akaanza kufagia ule mchanga. Nawe ukaniita kutoka ngazini, Tata twende. Njia nzima hadi Kisii nilihesabu siku kwa vidole, ukaniuliza nahesabu nini, nikakwambia nauli.

Sasa nikupeleke Nyaramba. Wakati huo hujaanza shule.

Kulikuwa na mzee anaitwa Nyandoro, juu ya soko, mkewe alikuwa wa ukoo mmoja na mama yako. Mwanawe Onsongo alikuwa akifanya kazi Mombasa, ana mke na watoto, na akafia huko. Alikuwa hajajenga nyumbani. Unajua desturi yetu: mwanamume mwenye mke na watoto haletwi akalazwa kwa baba yake kama mgeni. Anapokewa kwenye mlango wake mwenyewe. Basi kama hakujenga akiwa hai, ndugu wanamjengea haraka kabla jeneza halijafika. Kwa kawaida ni mbao na mabati, siku tatu imesimama, hakuna anayeuliza zaidi. Lakini ndugu zake wa mjini wakasema hapana, ndugu yao hataingia kibandani. Walitaka matofali, na mbele veranda yenye paa la zege, nguzo mbili za matofali, wakwe wakija waone.

Nikaitwa mimi. Wakanipa wiki mbili. Fundi mwenye akili angesema kuta nitawapa, hiyo veranda msubiri baada ya mazishi. Mimi nikasema, "Itawezekana." Nilikuwa nalipenda sana neno hilo. Nililitamka huku nimeinua kidevu, na watu walinipenda kwa ajili yake.

Kuta zilipanda kweli. Slabu ya veranda tuliimwaga Jumamosi. Chini yake tulisimamisha miti ya mkaratusi, imekaribiana, kwa sababu zege bichi haliwezi kujibeba lenyewe, miti ndiyo inayolibeba hadi likomae. Kila alasiri mvua ilinyesha, na baridi ile ya juu unaijua, simiti haikomai upesi kwenye baridi. Alhamisi jioni nyumba ilikuwa tayari isipokuwa hiyo miti. Mwili ulikuwa unafika kesho yake.

Mzee Nyandoro akaja na fimbo iliyokatwa kwa upana wa jeneza. Akaipitisha katikati ya miti, haikupita. Akasimama pale na fimbo yake, mtu aliyekonda kwa msiba, akaniuliza, "Fundi, hii miti inaweza kutoka, au bado?"

Hapo, Kemunto, soma polepole. Miaka yote hii nimejiambia kwamba mzee alinilazimisha. Nimejiambia hivyo nikiwa nachunga, nikiwa napiga lipu, nikiwa kanisani. Si kweli. Mzee aliniuliza, na akanipa majibu yote mawili nichague. Ningesema bado, wangelipitisha jeneza limeinamishwa upande, mjomba fulani angenung'unika, na kufikia Jumapili hakuna ambaye angekumbuka. Lakini ndugu zake wa mjini walikuwa wamesimama wananitazama, na mwanamke mmoja wa upande wa wakwe alikuwa amesema sasa hivi tu kwamba hajawahi kuona nyumba ikiota namna ile. Nikasema, "Inatoka."

Niliitoa mwenyewe kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine. Slabu ikasimama. Nikapanda juu nikaikanyaga kwa nguvu mbele ya watu, mjinga mimi, wakacheka wakanipa kiti.

Mama yako alikuwa amekuja na wanawake wa kwetu Birongo kusaidia kupika. Alitoka jikoni na unga mikononi, akatazama juu, akatazama ile miti imerundikwa kando. Akasema, "Baba Kemunto, si mlimwaga Jumamosi? Leo ni Alhamisi. Kule shuleni si uliiacha mwezi mzima?" Alikumbuka kwa sababu nilipomwaga slabu ya shule alikuwa akiniletea chakula, na kila siku alilalamika kwamba miti inamkwaruza akipita na sufuria.

Nikamwambia, mbele ya wote, "Wewe nenda kasonge ugali."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, ndivyo alivyokuwa, hakupenda kuniaibisha. Akarudi jikoni. Usiku huo alilala huko huko na wanawake wenzake, mimi nikarudi nyumbani kukulaza wewe. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mama yako duniani. Nimeyabeba hadi leo na hayajapungua uzito.

Ijumaa nikarudi nikakaa mbele na wanaume, mwili ukafika, jeneza likaingia kwa mlango wa mbele bila kuinamishwa, wakwe wakaona. Baada ya muda mvua ikashuka kwa nguvu, na waombolezaji wakakimbilia veranda. Mama yako hakuwa miongoni mwao. Alikuwa jikoni, pakavu kabisa. Akakumbuka gunia la unga limeachwa ukingoni mwa veranda linalowa, akakimbia kulivuta. Mzee mmoja akasikia kitu kinalia juu akapiga kelele, watu wakaruka nje, na wote walitoka. Yeye alikuwa ameinama, ameshika gunia. Slabu ilikatika katikati. Tuliiinua kwa mikono. Yaliyobaki sitayaandika, ukitaka kuyajua, siku yoyote, uniulize nitakwambia.

Chifu alipokuja tulikuwa tumesimama kwenye mvua, tumelowa. Nguzo moja ya matofali ilikuwa imevutwa ikalala kwenye matope upande wa bonde. Mzee mmoja akaitazama, akasema, "Ni huu udongo. Ukilowa hauaminiki." Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye fundi. Nikasema, "Ndiyo. Ni udongo."

Basi. Uongo wangu wote ni huo, hauzidi hapo. Sikuhitaji kusema tena, watu wengine walinisemea. Kufikia mazishi ulikuwa udongo. Wewe ulipopata akili ya kuuliza, ulimwuliza Kerubo, naye akakwambia alichoambiwa. Kerubo hajui, mwanangu, usimkasirikie. Mimi sikukudanganya kwa mdomo wangu, nilikukuta umeshadanganywa nikakuacha hivyo hivyo. Sijui kama hilo ni afadhali. Nadhani ni baya zaidi.

Tangu siku ile sijamwaga slabu ya mtu. Wewe unadhani ni mgongo. Mgongo ni mzima. Najenga kuta, naezeka, napiga lipu, lakini wakitaja slabu nasema tafuteni mwingine. Nimemwaga moja tu, hii ya hapa kwetu, tulipohama kutoka ile nyumba ya mbao, kwa sababu mama yako alikuwa akitamani veranda ya kukaa achambue maharagwe mvua ikinyesha. Nikaweka miti ya mkaratusi chini yake. Nawe unajua kilichofuata: sijaitoa. Miaka imekwenda. Mchwa wakila mmoja naweka mwingine. Majirani wakipita wananiita, "Fundi, hiyo nyumba itajifungua lini?" Nacheka nao. Mgeni akija anadhani bado tunajenga.

Wewe umekua ndani ya miti hiyo. Ulijificha humo, ulifunga kamba ya kuanikia nguo, ulijipima urefu wako kwenye ule wa mwisho. Na ulipokuwa darasa la nne uling'oa mmoja na wenzako mtengeneze goli. Nilikuja nikakuchapa hadi Kerubo akaja kukunyang'anya mikononi mwangu. Ukaniuliza ukilia, "Kwani si mti tu, Tata?" Ukakaa kwa Kerubo siku tatu, na ulivyorudi ulinisalimia ukitazama chini. Sikuwahi kukuomba msamaha. Nisamehe kwa fimbo zile, Kemunto. Ulikuwa umesimama chini ya slabu, umeshika mti uliong'oa, unacheka. Sikuona goli. Nilimwona mama yako.

Na kuna lingine. Barua ya chuo ilipokuja, wewe unaruka hapa sebuleni, mimi nikasema, mbona usijaribu uuguzi? Ulinuna wiki nzima. Ulidhani nakudharau kwa sababu wewe ni msichana. Hata ulimwambia Kerubo, "Tata anaona hesabu zitanishinda." Mwanangu, niliogopa kwamba hazitakushinda.

Kwa maana najua kitakachotokea. Muhula wa kwanza tu, yule mzee wa koti la vumbi atakupa kisanduku cha chuma. Utachanganya, utamwaga, utaandika jina lako na siku. Utakivunja. Wewe si mtu wa kusikia kitu ukakiacha, tangu utoto unahesabu hata vijiti vya kiberiti. Siku moja utampigia Kerubo simu umwulize tu, shangazi, ile slabu ya Nyaramba ilimwagwa lini? Naye atakwambia bila kujua anakupa nini, Jumamosi, na mama yako tulimpoteza Ijumaa. Utahesabu kwa vidole, peke yako, kwenye chumba chenye watu usiowajua. Hilo nilishindwa kulikubali. Afadhali unichukie ukiwa hapa nyumbani, mbele yangu, na Kerubo yuko karibu.

Tena sitaki uende ukakaa miaka mitano ukiusomea udongo kwa hasira isiyo yake. Udongo wetu una makosa yake, mvua ikizidi unateremka na migomba ya watu, na unahitaji mtu wa kuusoma. Usome. Lakini mama yako usimtafute humo.

Ukweli ni kwamba mama yako hakumaliza darasa la nane, na jioni ile ya Alhamisi yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali ambalo wewe unakwenda kufundishwa kuuliza. Si mlimwaga Jumamosi? Leo ni Alhamisi. Nilipomsikia yule mwalimu wa gambuti akisema mtaulizwa umejuaje itabeba, nilitaka kumwambia, mwalimu, kwangu alikuwepo mwanafunzi wa namna hiyo nikamfukuza akasonge ugali. Wakikwambia una akili ya baba yako fundi, waache waseme, lakini wewe ujue akili hiyo umeitoa wapi.

Siku itakuja uvae ile kofia ngumu, wenye nyumba wamesimama, watu wanakutazama vizuri, na mtu akuulize kwa upole iko tayari au bado. Sitakwambia useme nini. Nakwambia tu kwamba mimi niliulizwa, na neno lenyewe nilikuwa nalo hapa mdomoni, fupi, halikuwa na gharama yoyote. Sijui lilikwenda wapi.

Mpango wangu ulikuwa kuikunja barua hii niiweke chini kabisa ya sanduku, katikati ya mashuka, uikute ukifika. Nimeiweka kweli. Nimekaa kidogo nikaitoa. Nimeona ni woga ule ule, wewe uisome mbali ulie na wageni, mimi niko hapa nakunywa chai yangu. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, kabla ya chakula. Ukisema kesho nisikusindikize, Kerubo atakupeleka, sitalalamika. Ukisema hutaki kuniona hadi umalize, nitasubiri. Ila usiache masomo kwa sababu yangu. Nisingeweza kubeba na hilo.

Nakuomba kitu kimoja, na unaweza kukikataa. Ukishasoma, mwaka wowote utakaoona unajua vya kutosha, uje uitazame slabu hii ya kwetu. Igonge, ipime, fanya hesabu zako. Kisha uniambie kama naitoa miti au bado. Mimi akili yangu inasema ilikomaa zamani sana, inaweza kubeba hata lori. Lakini mimi sijiamini tena kwa jambo hilo, na hakuna mwingine ninayetaka aniambie. Hadi useme wewe, sitagusa hata mmoja.

Mvua imefika. Nasikia lango, na Kerubo anacheka kwa sauti yake ile, nawe unamwambia akimbie asilowe. Mmerudi mapema. Nimekuona dirishani, umependeza. Shingo ile ni ya mama yako.

Nitakupa hii kisha nitoke nje. Soma yote, hata mara mbili. Mama yako aliniuliza mara moja nikamfukuza. Wewe uliza kila kitu, hata kwa kelele, hata kwa Kisii. Nitakuwa nimekaa hapo nje kwenye veranda, katikati ya miti, siendi popote.

Tata wako